Uzi: Gari la kaboni lenye kilo za Probox, na kinachowezekana kwenye gereji za Nakuru na Kisumu

#1 Menengai_Kaboni (Nakuru)

Wadau, kila picha ya Lamborghini Sesto Elemento ikitupwa hapa, mjadala huishia kwenye sura na bei. Leo tupime kilo.

Gari hilo lilionyeshwa Paris mwaka 2010. V10 ya lita 5.2, nguvu za farasi 570, magurudumu yote manne yanasukuma, uzito uliotangazwa kilo 999. Hiyo ni kama Probox kabla haijapakiwa gunia hata moja. Jina lenyewe lina maana ya elementi ya sita, yaani kaboni.

Sasa liweke kando ya Gallardo LP 570-4 Superleggera ya mwaka huo huo. Farasi ni 570 zile zile, lakini uzito mkavu (bila mafuta wala maji) ni kilo 1,340. Superleggera inafika 100 km/h kwa sekunde 3.4, Sesto Elemento ilitangaziwa 2.5. Tofauti ni kilo 341, na hazikutoka mahali pamoja. Chumba cha abiria ni beseni moja la kaboni, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa resini. Fremu ya mbele na maboksi ya kupokea mgongano, kaboni. Fremu ya nyuma inayobeba injini ikabaki alumini. Mikono ya saspensheni, kaboni ya vipande vilivyoshinikizwa kwenye moldi. Rimu na propela shafti, kaboni. Viti havipo kabisa: mito imebandikwa moja kwa moja kwenye beseni. Na bodi ya mbele ni kipande kimoja, ya nyuma vivyo hivyo. Watu hupita haraka hapo, lakini kila mnapokutana vipande viwili pana bolti, kishikio, mpira na bati la kukaza. Ukiunganisha vipande, hayo yote hayabebwi tena.

Uzi huu ni wa wanaotaka kujenga paneli, au gari dogo la majaribio, kwa vifaa vinavyopatikana huku kwetu. Mambo ya barabarani na NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) tuyawekee uzi wake.

#2 Dunga_Faiba (Kisumu)

Nianze na kosa la huku ziwani. Fundi wa boti za faiba akipewa kitambaa cha kaboni hukichukulia kama faiba nyeusi. Anachukua resini yake ya poliesta, anaweka mati (glasi ya nyuzi fupi zisizofumwa) katikati ili kuongeza unene, anamaliza. Kuna makosa matatu hapo.

Kwanza, nyuzi nyingi za kaboni zinazouzwa zimepakwa kiwandani dawa ya kushikana na epoksi, resini ya aina nyingine. Poliesta haishiki vizuri. Tabaka zinaachana ukizikunja.

Pili, mati ya kawaida ya gramu 450 imefungwa kwa gundi inayoyeyushwa na staireni iliyo ndani ya poliesta. Epoksi haina staireni. Kwa hiyo ukimwaga epoksi juu ya mati, inabaki ngumu na nyeupe, haikai kwenye kona. Ukitaka glasi chini ya epoksi, tumia kitambaa cha kufumwa.

Tatu, hadena, yaani kigandishi cha resini. Kwenye poliesta, kukiwa na baridi unaongeza matone mawili matatu, kazi inaenda. Kwenye epoksi hadena ni sehemu ya plastiki yenyewe. Kama kopo limeandika 100 kwa 30 kwa uzito, ni 100 kwa 30. Ukizidisha hadi 40 haikauki haraka zaidi: ziada inabaki ndani na kipande kinakuwa laini kama mpira wa kandambili. Pima kwa mizani ya gramu. Kukadiria kwa kikombe hapana.

#3 KijanaLanet

Swali: boneti ya takriban mita 1.2 za mraba, tabaka nne za twili (kitambaa cha kaboni cha kufumwa mshazari) ya gramu 200 kwa mita ya mraba, inatosha? Video nyingi naona wanaweka mbili au tatu.

#4 Menengai_Kaboni

Itatosha kwa macho. Twili ya 200 iliyovutwa kwa vakumu (kitambaa kikavu kinafunikwa kwa mfuko, hewa inatolewa, resini inavutwa ndani) ina unene wa kama milimita 0.22 kwa tabaka, kwa hiyo nne ni milimita 0.9. Bati la boneti la kawaida ni kama 0.7.

Ugumu wa kipande kupinda ni ugumu wa kitu chenyewe mara unene kwa kipeo cha tatu. Chuma ni gigapaskali 200, tabaka za twili zilizopangwa pande mbalimbali ni kama 50 hadi 60. Piga: chuma 200 × 0.7³ = 69. Kaboni 55 × 0.9³ = 40. Boneti yako ya kaboni ya tabaka nne ina asilimia 60 hivi ya ukakamavu wa bati. Kwenye kasi ya 120 utaiona ikicheza kama karatasi.

#5 Probox_Haichoki (Kakamega)

Ha! Kwa hiyo mabati yetu yameshinda.

#6 Menengai_Kaboni

Yameshinda kama umejenga kibati. Weka foamu ya milimita 5 katikati: tabaka mbili chini, foamu, tabaka mbili juu. Nyuzi ni zile zile, lakini sasa ngozi zimesimama mbali na mhimili wa katikati. Ukakamavu unapanda zaidi ya mara 100 kuliko zile nne zilizolaliana, na umeongeza nusu kilo hivi ya foamu. Kazi yote ya gari jepesi iko kwenye sentensi hiyo. Kaboni peke yake haifanyi gari liwe jepesi. Unaipa kazi ya kuvuta na kusukumwa, na kitu chepesi kinashika nafasi katikati.

Foamu iwe ya PVC yenye tundu zilizofungwa, ya kilo 80 kwa mita ya ujazo. Ile nyeupe ya kufungia TV hujikunja kwa joto na kusagika chini ya vakumu. Na usipitishe bolti kwenye foamu tupu hata siku moja. Penye bawaba na loki, kata foamu, weka kipande cha alumini au laminate nene (tabaka za kaboni zilizokwisha kugandishwa), kisha ongeza tabaka mbili kila upande, kila moja ikiizidi ya chini yake kwa milimita 20 ili mzigo usikatikie mstari mmoja.

#7 Dunga_Faiba

Na hiyo alumini usiiguse na kaboni. Kaboni inapitisha umeme, na ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Huku Kisumu unyevu haukosekani. Rangi inafura kuzunguka bolti na unga mweupe unatoka. Weka tabaka moja ya glasi nyembamba, gramu 80 hadi 160, kati yao. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, zipakwe epoksi shingoni wakati wa kufunga. Bolti za zinki za duka la hadiwea zinachubuka mapema.

#8 Mhandisi_wa_Bonde (Nakuru)

Sasa jambo ambalo video za ng'ambo hazitakuambia, kwa sababu wengi wanaozitengeneza wako karibu na usawa wa bahari. Geji ya vakumu.

Nakuru tuko kama mita 1,850. Hewa ya huku inasukuma kwa kilopaskali 81 hivi, si 101. Mfuko wa vakumu hausukumwi na pampu. Pampu inatoa hewa ya ndani, na hewa ya nje ndiyo inayokandamiza. Kwa hiyo hata ukiwa na pampu bora duniani, geji ya kawaida hapa itaishia karibu −0.81 baa, au inchi 24 za zebaki. Kisumu, mita 1,130, itafika −0.88, inchi 26. Eldoret, mita 2,100, ni −0.78.

Mtu akisoma "hakikisha inchi 29" anaanza kutafuta uvujaji usiokuwepo. Anabadilisha tepu, anabadilisha pampu, mwisho anaitupa nailoni nzima iliyokuwa sawa. Kipimo cha kweli ni kufunga vali ya pampu na kuangalia sindano kwa dakika 15. Ikitulia, mfuko ni mzima, hata kama inasoma 24.

Matokeo mawili. Resini inasukumwa kwa nguvu ndogo, kwa hiyo kipande kinachojaa kwa dakika 20 Mombasa kitachukua kama 25 Nakuru. Panga mirija kwa kujua hilo: umbali kutoka mrija wa kuingiza hadi ukingo usizidi nusu mita kama unaanza. Pili, kiputo cha hewa kilichobaki kinabanwa kwa nguvu ndogo zaidi huku, kwa hiyo resini iache itoe hewa kabla. Ikishachanganywa, iweke kwenye chombo cha vakumu dakika 5 hadi 10 hadi mapovu yapande na kupasuka.

Viwanda vikubwa vya kaboni vya ng'ambo mara nyingi havitegemei hewa ya nje. Kitambaa kilichokwisha kulowekwa resini kiwandani huokwa ndani ya tanuri la shinikizo la baa 6 au 7. Ndiyo maana kipande cha huko na cha kwetu vikifanana kwa macho, ndani si sawa.

#9 Probox_Haichoki

Na injini yenyewe? Hiyo V10 huku juu si inapumua kwa shida?

#10 Mhandisi_wa_Bonde

Isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 17 Nakuru, maana hewa ni nyembamba kwa kiasi hicho. Farasi 570 zinabaki kama 470. Ukipanda Mau Summit zinapungua tena. Kilo ulizoondoa hazirudi kwa kupanda mlima, na hiyo ndiyo sababu ya kumaliza pesa kwenye uzito kabla ya injini kwa mtu anayeishi huku.

#11 KijanaLanet

Sawa. Naomba hatua za boneti hiyo ya 1.2 na vipimo vyake vyote.

#12 Menengai_Kaboni

Nachukulia moldi ya faiba ipo, imepigwa msasa wa maji hadi 1200, ina ukingo wa milimita 100 kuzunguka, na kuta zake zina mwinamo wa digrii 3 angalau. Ukuta uliosimama wima hautoi kipande, utauvunja.

Bandika tepu ya karatasi kwenye ukingo kabla ya nta, maana tepu ya kunata ya mfuko haishiki penye nta. Paka nta mara 6, ukisugua kila mara na kusubiri saa moja. Ya mwisho ilale usiku mzima. Kisha bandua ile ya karatasi.

Vitambaa: kipande cha kwanza nyuzi zinyooke na gari, cha pili digrii 45, foamu, cha tatu 45, cha nne zinyooke tena. Mpangilio wa juu uwe kioo cha wa chini. Usipofanya hivyo kipande kinatoka kwenye moldi kimejikunja kama chapati iliyoachwa nje. Foamu iwe na matundu ya kupitisha resini, kingo zake zichongwe kwa mwinamo, na iishie milimita 40 kabla ya ukingo wa boneti.

Juu yake kitambaa cha kubandua (kinang'olewa resini ikikauka), wavu wa kusambaza resini ukiishia milimita 30 kabla ya ukingo, mrija wa springi katikati kwa urefu, mrija wa kuvuta kuzunguka pembeni. Nailoni ikatwe kubwa kuliko moldi kwa asilimia 30, na mikunjo ya ziada ipandishwe kwa tepu kila sentimita 30. Nailoni ikibana juu ya kona bila kugusa chini, resini itakimbilia hapo.

Kati ya moldi na pampu weka mtungi wa kunasa resini. Pampu ya fundi wa friji inafaa kabisa, lakini resini ikiingia ndani umeaga pampu. Mafuta yake yakigeuka kama maziwa, yameshika maji, badilisha.

Resini: nyuzi ni mita 4.8 za mraba × gramu 200 = gramu 960. Zitabeba gramu 640 hivi. Foamu itanywa 300 hadi 400, wavu na mirija 500. Changanya kilo 1.6: resini gramu 1,230 na hadena 370 kwa uwiano wa 100:30. Iwe resini ya kuvutwa, nyembamba. Ya kupaka kwa brashi ni nzito, itasimama katikati ya safari. Usiichanganye yote kwenye ndoo moja. Kilo moja na nusu kwenye ndoo ya kina inajichemsha yenyewe na kutoa moshi. Changanya kwa mafungu ya nusu kilo, kwenye chombo kipana, na mrija usiachwe unywe hewa hata sekunde moja.

Ikifika pembeni kote, bana mrija wa kuingiza kwanza. Wa kuvuta uache hadi resini iliyobaki kwenye chombo iwe ngumu.

Stima ikipotea usiku: pampu ikisimama, hewa inarudi kupitia humo na kubeba mafuta. Weka vali ya upande mmoja, au bana mrija kabla ya mtungi. Mfuko mzima utashika vakumu wenyewe hadi stima irudi.

Uzito wa mwisho pamoja na vipande vya alumini ni kilo 2.5 hivi. Bati pekee la juu la boneti ya chuma ya ukubwa huo lina kilo 6.6, bado fremu ya chini.

#13 Dunga_Faiba

Niongeze hali ya hewa. Asubuhi ya Nakuru ikiwa na digrii 12, resini ni kama asali. Loweka kopo kwenye maji ya vuguvugu hadi digrii 25 kabla ya kuchanganya, na moldi iwe na joto hilo pia. Kisumu saa nane mchana ni kinyume: digrii 30 na zaidi, na kila digrii 10 zinakata muda wa kazi karibu nusu. Hadena ya polepole, au fanya alfajiri.

Jioni karibu na ziwa, kipande kilichopakwa kwa mkono kinaweza kuota utando wa mafuta, mweupe kidogo. Hadena imeungana na unyevu na hewa. Fundi anachukua thina, anafuta, anapaka rangi, na baada ya wiki rangi inatoka kwa maganda. Thina inausambaza tu. Utando huo unayeyuka kwa maji: maji ya vuguvugu na sponji ya kusugulia sufuria, kausha, ndipo msasa. Ukianza na msasa unausukuma ndani.

#14 KijanaLanet

Nikiona doa kavu katikati baada ya kuvuta, naweza kulijaza?

#15 Menengai_Kaboni

Kama ni upande wa nje na dogo, toboa, ingiza resini kwa sindano. Ni urembo tu. Penye loki au bawaba, tupa. Doa kavu kwa kawaida lina sababu moja: resini imezunguka pembeni haraka, ikafika mrija wa kuvuta, ikafungia hewa katikati. Kagua kama kuna uwazi usio na kitambaa kando ya foamu. Pengo la milimita 3 ni barabara kuu ya resini. Vitundu vidogo kama ncha ya pini kila mahali ni kitu kingine, ni uvujaji.

#16 Mhandisi_wa_Bonde

Msisahau kuoka. Epoksi iliyokauka kwa hewa ya kawaida inaanza kulegea karibu digrii 50 au 60. Boneti nyeusi juani, juu ya injini, inavuka hapo bila shida. Ndiyo chanzo cha boneti za kaboni kuota michirizi ya kitambaa juu ya rangi, au kujikunja kwenye kona. Saa 24 kwenye moldi, kisha 40 kwa saa 2, 50 kwa saa 2, 60 kwa saa 6, ukipandisha digrii 10 kwa saa. Fuata karatasi ya resini yako ikisema tofauti. Boksi la mbao lenye blanketi na hita mbili linatosha, mradi kipimajoto kiguse kipande chenyewe. Kuanika juani hakutoshi. Wingu moja likipita joto linaanguka.

Halafu lakari ya vipande viwili yenye kinga ya jua. Epoksi tupu inageuka njano.

#17 Probox_Haichoki

Na beseni lenyewe la kukalia? Mtu anaweza?

#18 Mhandisi_wa_Bonde

Kwa gereji ya kawaida nasema usijaribu. McLaren MP4/1 ya 1981 ndiyo ya kwanza Formula 1 kuwa na beseni zima la kaboni, na hata wao walilipeleka likatengenezwe na kampuni ya Hercules kule Marekani. Mwaka huo huo John Watson aligonga Monza, injini ikang'oka na kubaki nyuma, yeye akatoka akitembea. Mwaka 1992 ikaonyeshwa McLaren F1, gari la barabarani lenye beseni kama hilo.

Shida ni kwamba kaboni haipindi kabla ya kukatika. Chuma kikikosewa kinakuonya kwa kukunjika. Beseni lenye doa kavu ndani ya ukuta litakaa kimya kwenye matuta yote ya Nakuru hadi Kericho, kisha lipasuke mara moja. Bila kuliona ndani kwa vyombo, hujui umekalia nini.

Fremu ya mabomba ya chuma, paneli za kaboni juu yake. Magari ya Rally1, daraja la juu la mbio za rali za dunia, yaliyokuja kwenye Safari Rally yamekuwa na fremu ya mabomba ya chuma tangu 2022, na hao hawakosi pesa za kaboni.

#19 KijanaLanet

Mtu anauza boneti "kaboni kamili" hapa mjini. Najuaje?

#20 Dunga_Faiba

Kwanza mizani. Ya pili ni maltimita: sugua msasa ukingo uliojificha hadi nyuzi zionekane, weka ncha mbili. Kaboni itapiga mlio. Jaribu pia upande wa ndani. Nyingi zina tabaka moja ya kaboni juu, chini glasi tupu. Stika haipigi popote.

Ukikata au kusaga kaboni, fanya kwa maji na uvae barakoa ya FFP2. Vumbi lake linapitisha umeme. Likiingia kwenye grainda au chaja iliyo karibu, linaiunguza.

#21 KijanaLanet

Vipande vilivyobaki vya twili nitupe?

#22 Menengai_Kaboni

Usitupe. Vifumue, kata nyuzi za milimita 20, utengeneze vishikio vidogo kwa moldi ya pande mbili. Ni ndugu maskini wa ile mikono ya Sesto Elemento. Kishikio cha sentimita 60 za ujazo: nyuzi gramu 48, resini gramu 38, ongeza asilimia 20 ya resini. Ziloweshe nje ya moldi, jaza, kaza bolti kwa zamu kidogo kidogo kama unafunga silinda hedi. Weka sahani chini, ziada itachuruzika.